Ramani Yako Nzuri Ndiyo Inaua Mchezo

Wacha niseme hili kabla stima ipotee tena: kama umekaa wiki tatu ukichora ramani ya danjoni moja, wewe si msanii. Wewe ni mtu anaogopa kucheza. Najua kwa sababu huyo mtu alikuwa mimi.

Kwa wale hawajui naongea nini: kuna michezo ya mezani ambapo watu wanne au watano mnaketi, mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinaamua kama panga limeingia ama limepita hewani. Ule maarufu zaidi, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka wa 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Hautaki koni, hautaki TV, hautaki bando. Tangu Januari 2023 kanuni zake za msingi ziko chini ya leseni ya Creative Commons, kwa hivyo unazipakua bure na hakuna mtu wa kukuuliza. Kitu kinachosumbua ni ramani. Wahusika wakiingia kwenye shimo, pango, jela, ngome, chochote chenye vyumba na giza, wachezaji wanataka kuona mlango uko wapi na adui amesimama umbali gani. Hicho ndicho tunaita danjoni. Na hapo ndipo meza nyingi hufia.

Yetu iko Ngurubani. Kwenye karatasi za serikali mji unaitwa Wang'uru, lakini jaribu kumwambia makanga akushushe Wang'uru uone vile atakuangalia. Tunacheza Jumamosi, nyuma ya duka la mchele la shangazi wa mmoja wetu. Magunia ya pishori ndiyo viti. Vifuniko vya soda ndio mashujaa, njahi ndio maadui, na meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti mbili.

Sasa, ile ramani ya wiki tatu. Nilikuwa nimetazama video za watu wa nje, ramani zao zinang'aa kama sinema, nikasema lazima yangu ikae hivyo. Nikapakua brashi za mawe, brashi za kuvu, brashi za nyufa. Nikaweka mwanga wa mienge kwenye kila kona, na kila mwenge na kivuli chake. Kila jiwe la sakafu nililiweka kwa mkono. Vyumba kumi na moja. Jumamosi ya kwanza nikawaambia bado. Ya pili, bado. Ya tatu watu wawili hawakuja kabisa, na mmoja wao hakuwahi kurudi; siku hizi tukipatana stejini anasema niaje na kuangalia simu.

Wiki ya nne tukacheza. Wakafika mlangoni. Wakasikia sauti ndani. Mmoja akauliza, "Tuko na nyasi kavu?" Nikasema ndio, mko mashambani. Akasema basi tunawasha moto hapa mlangoni, tunaingiza moshi ndani, tunangoja watoke wenyewe.

Mpango mzuri sana. Mpango ambao mzee yeyote aliyewahi kufukuza fuko shambani angeuelewa. Na mimi nikafanya dhambi. Nikaona vyumba vyangu kumi na moja, kuvu yangu, mienge yangu, wiki tatu za maisha yangu zikitoka na moshi, nikasema, "Upepo umegeuka. Moto umezima."

Wote walijua nimedanganya. Hakuna mtu alisema kitu. Waliingia ndani kama watoto wanaopelekwa kanisani, wakapita chumba kwa chumba wakiangalia mawe yangu, na hadi saa mbili usiku hakuna aliyecheka.

Hiyo ndiyo kesi yangu yote, na mnaweza kuacha kusoma hapa kama mna haraka. Ramani iliyokugharimu wiki tatu inakufanya mwongo. Utailinda. Utawasukuma watu kwenye vyumba ulivyovipamba hata kama akili yao imewapeleka kwingine. Ramani ya dakika kumi na tano huna cha kulinda. Wakiipita unaitupa, unachora nyingine wakienda kununua mandazi.

Na dakika kumi na tano si maneno ya mdomo. Unahitaji programu ya kuhariri picha yenye leya, basi. GIMP ni ya bure, na inafunguka kwenye laptopu yangu ya mkono wa pili bila kulalamika sana. Photopea inafanya kazi ndani ya kivinjari, hata kwa kompyuta ya saiba ambayo huruhusiwi kuweka programu yoyote. Leya ni kama karatasi za plastiki zilizolaliana: ukitoboa ya juu unaona ya chini. Hakuna siri nyingine.

Fungua picha mpya ya saizi ya A4, pikseli 2480 kwa 3508. Iambie programu gridi yake iwe ya pikseli 118, ambayo ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi inatoka karibu sentimita moja. Halafu washa ile amri inayofanya chochote unachochagua kishikamane na gridi. Hiyo amri ndiyo mwokozi, na ndiyo watu hawaigusi. Wanakaa wakivuta pua karibu na kioo wakijaribu kunyoosha ukuta kwa jicho. Ukiiwasha, hata mkono ukitetemeka, kila mstatili unaangukia kwenye mstari. Leya ya chini ijaze rangi ya sakafu, kijivu, udongo, yoyote. Juu yake weka leya ya mistari ya miraba. GIMP ina amri ya kuichora yenyewe. Juu kabisa weka leya nyeusi tii, na uhakikishe imewekewa uwazi, la sivyo ukifuta utapata doa la rangi badala ya tundu.

Hiyo nyeusi ndiyo ardhi. Sasa chimba. Chagua mstatili, futa, chumba kimetokea, na miraba yake iko tayari ndani. Chagua mwembamba, futa, hiyo ni njia. Chukua kifaa cha kuchagua kwa mkono huru, zunguka kama mlevi anatafuta nyumba, futa, hilo ni pango. Ukikosea, rudisha hatua. Mwisho unaipa ile leya nyeusi kivuli kidogo kianguke kwenye sakafu, na ghafla kuta zina kimo. Mlango ni kijimstatili cheupe. Ngazi ni mistari mitano. Maliza chai yako.

Kosa moja nitawaokoa nalo. Mara ya kwanza nilipeleka hiyo ramani nyeusi saiba ichapishwe. Mama wa saiba akaiangalia kwenye kioo, akaniangalia mimi, akasema, "Kijana, wino wote huu unalipiwa na nani?" Alikuwa na haki, robo tatu ya karatasi ilikuwa makaa. Kwa hivyo siku hizi nikimaliza kuchimba, nachagua umbo la ile leya nyeusi, nachora mstari mnene ukingoni mwake kwenye leya mpya, halafu naificha nyeusi yenyewe. Inabaki karatasi nyeupe yenye kuta. Shilingi kumi ukurasa, na mama amefurahi.

Na hiyo nyeupe ikageuka kuwa bora kuliko niliyokuwa nikitafuta. Watu walianza kuiandikia. Jumamosi moja nikakuta mtu ameandika pembeni "hapa ndio tulimwacha punda", mwingine amechora mshale na neno "USIINGIE", mwingine amepigia hesabu ya dhahabu yake kwenye chumba cha mfalme. Ile ramani ya mienge hakuna aliyethubutu kuigusa na kalamu. Si ungeigusa aje, ilikuwa inakaa kalenda ya benki.

Jamaa mmoja wa Nairobi alikuja Krismasi, akacheza na sisi mara moja. Aliangalia karatasi yetu akasema inakaa plani ya choo cha shule. Sawa bana. Lakini hicho choo tulikitoroka hadi saa saba usiku, na yeye ndiye alikataa kwenda kulala.

Najua lile swali lingine: kwani AI haiwezi kukuchorea? Nilijaribu. Picha inatoka tamu, nakubali. Halafu unaanza kucheza nayo. Njia inaenda mpaka katikati ya ukuta na kuisha. Ngazi zinapanda kwenda hakuna. Miraba ya upande huu ni mikubwa kuliko ya upande ule, kwa hivyo huwezi kuhesabu hatua, na hatua ndiyo kazi ya miraba. Nikaomba mlango mmoja uhamishwe kushoto, ikanipa jengo jipya kabisa. Ramani ni kitu unabadilisha mtu akiwa ameketi mbele yako anangoja. Picha ambayo huwezi kusogeza mlango wake, itundike ukutani.

Halafu kuna hizi pakiti za kununua, za ngome tayari. Sina shida na walioziunda, kazi yao ni safi. Shida yangu ni vile tunazimeza. Kila chumba kina mahali pa kuota moto, na nje kuna theluji. Nilishawahi kutumia moja yenye chumba cha mapipa chini ya ardhi. Wachezaji wakauliza hiki ni nini. Mahali pa kuweka divai. Kwa nini chini ya ardhi? Nikaanza kueleza habari ya baridi na mvinyo wa Ufaransa, mimi ambaye sijawahi kuionja, kwa vijana wa Mwea ambao jasho linawatoka wakiwa wameketi. Dakika ishirini zimeenda. Ukisema "mnafika kwenye mfereji, geti la maji limefungwa na kufuli," hakuna mtu anauliza chochote. Kila mtu mezani tayari ameshika panga.

Msiniambie pia kwamba danjoni si kitu cha kwetu. Neno lenyewe hata wenyewe limewachanganya: kwa Kifaransa cha zamani donjon ilikuwa mnara mkuu wa ngome, kitu cha juu, halafu Waingereza wakalishusha mpaka chini ya ardhi. Sisi tuna Shimoni kule Kwale, kijiji kizima kimeitwa kwa mapango yake. Tuna Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na ambayo Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Plani yake iko wazi na wala haitaki kuongezwa kitu. Tuna Gede, mji mzima wa kuta na visima ndani ya msitu. Na karibu zaidi na nyumbani, uliza guka yeyote wa Nyeri au Murang'a kuhusu Agumba. Watu wafupi, hadithi inasema, walioishi kwenye mashimo ardhini kabla ya Agikuyu kuwa wengi, na ambao siku moja walipotea tu. Huko juu bado kuna mabonde ya mviringo ardhini ambayo watu huyaita mashimo ya Agumba. Mtu mfupi anayeishi chini ya ardhi, na wewe umeenda kununua pakiti ya vibeti wa Ulaya wenye ndevu nyekundu.

Lakini ramani bora kabisa ya danjoni niliyowahi kuona sikuichora mimi. Fungua picha ya setilaiti ya Mwea. Fanya hivyo sasa, nakungoja. Unaona? Ni karatasi ya miraba. Mashamba yamekatwa ekari ekari, familia zilizoletwa kwenye skimu zilikuwa zikipewa ekari nne, na kati ya vipande hivyo kuna mifereji mikubwa inayotoka mito ya Nyamindi na Thiba, inagawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, kila mmoja na geti lake. Ni vyumba na njia na milango. Niliweka hiyo picha kama leya ya chini kabisa, nikafuata mifereji kwa mstari, nikaifuta picha. Dakika kumi na mbili. Tukacheza miezi miwili kwenye hiyo karatasi.

Kila geti likifunguliwa sehemu moja inafurika na nyingine inakauka, kwa hivyo wachezaji walikuwa wakipigania maji kama tu watu wazima wanavyopigania maji, usiku, na tochi. Adui alikuwa konokono. Msicheke. Wale konokono wavamizi walioonekana Mwea mwaka wa 2020, wanaotaga mayai ya waridi kwenye mashina ya mpunga. Nilimfanya mmoja awe na ukubwa wa matatu. Mchezaji wangu mmoja, ambaye mama yake analima, aliposikia "mnaona mayai ya waridi kwenye ukuta" alisimama kwenye gunia lake.

Na ni kwenye hiyo ramani ya mifereji ndipo niliteleza.

Nikijua vile imependwa, nikataka kwenda chini zaidi. Hii mifereji ilichimbwa na nani? Kila mtu hapa anajua jibu, hata kama halisemwi sana. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na ndani ya miaka hiyo ya hamsini serikali ya kikoloni ilianza skimu ya Mwea kwa mikono ya watu waliozuiliwa kwa sababu ya Mau Mau, wengi bila hata kufunguliwa kesi. Kambi zilikuwa hapa hapa, na majina yake ni majina tunayoyataja kila siku: Thiba, Gathigiriri, Kandongu. Ni katika kambi za Mwea, 1957, ambapo kupiga wafungwa ili "washirikiane" kulifanywa utaratibu wa kazi. Huko juu, kando ya msitu wa Mlima Kenya, wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki la karibu maili 50 ili walio msituni wasipate chakula. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 waliodai waliteswa miaka hiyo. Hii ni danjoni ya kweli, nikajiambia. Iko chini ya viatu vyetu.

Nikafungua GIMP. Dakika kumi na tano. Ua wa seng'enge, handaki kuizunguka, lango, mnara wa askari, ofisi ya bwana kambi. Kwenye ofisi nikaweka sanduku la dhahabu. Kwenye mnara nikaweka askari waliokufa wanaotembea. Nikaipa jina, Kandongu, nikaichapisha, nikaiweka mezani.

Dada mmoja wa meza yetu, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kurusha dadu, hakurusha. Akaniuliza, "Watu walilala wapi?"

Sikuelewa.

"Hapa kuna lango, kuna mnara, kuna ofisi, kuna dhahabu. Guka alikuwa Kandongu. Alichimba huo mfereji na jembe na karai. Kwa ramani yako alilala wapi?"

Niliangalia karatasi. Nilikuwa nimechora mahali pa kila mtu isipokuwa wao. Nilikuwa nimeichora kambi kama vile askari angeichora.

Sasa nirudi kwa mada yangu, ndio mjue siongei tu. Kama hiyo ingekuwa ramani ya wiki tatu, najua ningefanya nini. Ningeitetea. Ningesema ni mchezo tu, ningesema usilete hisia, ningesema tuendelee kwanza halafu nitarekebisha wiki ijayo. Upepo ungegeuka tena na moto ungezima. Lakini ilikuwa ya dakika kumi na tano na shilingi kumi. Nikafungua laptopu, nikaigeuza waone, nikafuta yote, ikabaki leya nyeusi. Nikamwambia, "Haya, nionyeshe."

Tukachimba pamoja. Akasema mabweni kwanza, marefu, yamejaa. Hatukuweka vitanda kwa sababu guka hakuwahi kutaja kitanda. Akasema mahali pa kupanga foleni ya maji. Akasema mahali ambapo watu wa pande mbili za ua wangeweza kusikizana bila kuonana, maana cucu yake alikuwa akija mpaka karibu na hapo. Mwingine akasema weka jikoni. Ofisi ya bwana kambi ikabaki lakini ikawa ndogo. Dhahabu ikatoka, askari wafu wakatoka. Tukakubaliana kwamba kazi ya usiku huo ni moja: barua itoke nje. Watu waliozuiliwa walikuwa wakiandika barua za malalamiko na kuzitorosha nje ya kambi, hilo ni jambo la kweli. Nani ataibeba, itapitia wapi, nani anaweza kuaminiwa kwenye foleni ya maji. Dadu chache sana.

Jamaa mmoja alichoka mapema. Akasema bila vita haoni mchezo uko wapi, akaenda kuangalia Arsenal. Ni haki yake na simlaumu, ingawa Arsenal pia hawakumpa vita vyovyote siku hiyo. Sisi tuliobaki tulimaliza karibu saa sita. Barua ilitoka. Aliyeibeba hakutoka. Dada akaikunja ile ramani mara nne, akaiweka kwa mfuko, na hakuniomba ruhusa.

Kuna mtu nilimsimulia hii akaniambia haifai kabisa, mambo ya kambi si ya kuchezea dadu, waachieni waandishi wa vitabu. Namheshimu lakini nakataa. Tumesoma Mau Mau shuleni tangu darasa la nne na sikuwahi, hata mara moja, kujiuliza mtu wa Kandongu alilala upande gani wa ua. Nilijiuliza kwa sababu nililazimika kuchimba chumba. Kile kisichofaa ni kile nilichofanya mimi mwanzo: dhahabu ofisini, mazombi mnarani, na jina halisi juu yake kama urembo. Ukichora mahali watu waliumia, anza na mahali walipolala, na mwenye guka wake hapo awe na kifutio mkononi. Kama huwezi kukubali afute, chora konokono.

Kwa hivyo wewe uliye Nyeri, Karatina, Nanyuki, uliye na laptopu ya shule na marafiki watatu wanaokuuliza kila wiki "tunacheza lini", na unawajibu "ramani bado": funga hiyo video ya saa mbili kuhusu kuchora kuvu. Acha kununua mienge. Weka gridi ya 118, toboa vyumba sita, chapisha, waite. Itakaa vibaya. Watakucheka. Halafu mmoja ataweka kifuniko cha soda mlangoni na kuuliza kuna nini ndani.

Jumamosi hii siendeshi mimi. Yule dada ndiye anaendesha, danjoni yake ya kwanza, na amekataa kutuambia ni wapi. Jana aliniomba nimtumie faili: leya ya sakafu, leya ya miraba, na nyeusi juu yake ambayo bado haijatobolewa. Nimemtumia. Sasa hivi ananiuliza mbona Photopea inakwama kwa simu yake, na sina jibu isipokuwa apitie hapa achukue laptopu kabla stima ipotee.